Daftari la mlinzi si kufuli

Simu yangu iliporwa Morocco, kituo cha Dar es Salaam, saa 2 usiku, nikiwa nimeshuka mwendokasi natafuta bajaji ya kwenda Mwananyamala. Wawili kwenye pikipiki, wa nyuma akanyoosha mkono, basi. Hasara ya simu nilishaimeza kabla hawajaishia kwenye kona. Kilichonitoa jasho ni kitu nilichokumbuka nikiwa bado nimesimama pale kama mlingoti: ndani ya WhatsApp yangu kulikuwa na nywila ya databezi ya malipo ya kampuni niliyokuwa naifanyia kazi. Bosi mwenyewe alinitumia wiki mbili nyuma. "Chukua hii kaka, ukimaliza ifute." Sikuifuta. Naye hakuifuta. Na wale jamaa waliichukua simu ikiwa wazi, katikati ya ujumbe.

Kubadilisha nywila kwenye databezi kulichukua dakika moja. Kazi ilikuwa kuzifikishia habari programu zinazoitumia. Tulikuwa na programu tisa kwenye seva nne, kila moja na faili lake la mipangilio, na nywila ileile imenakiliwa humo kwa mikono tofauti: hapa imekaa peke yake kwenye mstari, pale imezama ndani ya anwani ndefu ya databezi, kwingine mtu ameichomeka ndani ya msimbo wa programu kabisa. Tulimaliza saa 10 alfajiri, watu watatu, kwa bando la kuazima. Jumatatu mhasibu akapiga simu: ripoti haitoki. Ilikuwa programu ya kumi, ambayo hakuna aliyeikumbuka.

Tangu siku ile mtu akiniomba ushauri namuuliza kwanza: ukilazimika kubadilisha nywila usiku wa leo, utagusa sehemu ngapi? Zikizidi mbili tatu, unahitaji seva ya mipangilio, yaani seva moja inayotunza anwani, nywila na funguo, na kila programu ikiamka inakwenda kuomba vyake. Watu wa Java wana Spring Cloud Config, inayosoma mipangilio kutoka kwenye Git, ile hazina inayotunza msimbo na historia ya kila badiliko, na kwa mazoea hukaa poti (mlango wa seva) 8888. Wengine wanatumia Consul, wengine Vault ya HashiCorp iliyotoka 2015. Sigombani na mtu kwa jina la chombo.

Nagombana kwa jambo moja tu. Seva inayompa mipangilio kila anayeomba ni mbaya kuliko yale mafaili tisa yaliyotawanyika. Yale mwizi alilazimika kuyatafuta. Hii umemkusanyia, ukamwandalia na mkeka barazani.

Nasema hivyo kwa sababu ndivyo tulivyofanya. Wiki tatu baada ya kuporwa simu tulisimamisha seva yetu, ya Spring, tukanywa soda, tukapongezana. Kesho yake mwanafunzi wa field akaja mezani kwangu na simu mkononi. "Samahani kaka, hii ni kawaida?" Alikuwa ameandika kwenye kivinjari anwani ya seva, 8888, jina la programu, kisha jina la mazingira. Ukurasa mzima ulikuwa umejaa mipangilio yetu, nywila ya malipo mstari wa nne, haina hata kanga. Na dogo alikuwa kwenye waifai ya wageni, ile ambayo nywila yake imebandikwa mapokezi kwenye karatasi ya A4.

"Si tulizisimba lakini?" bosi akauliza. Tulizisimba kweli, yaani tulizigeuza maandishi yasiyosomeka bila ufunguo, ndani ya Git. Ambacho hatukukisoma vizuri ni kwamba seva ile, usipoiagiza vingine, huyafumbua yenyewe yaliyosimbwa kabla ya kuyatuma. Usimbaji ule unamzuia anayechungulia Git. Anayeiuliza seva hupewa kitu kilichomenywa tayari, na kama njia ni HTTP tupu, isiyosimbwa, aliyekaa katikati ya njia anasoma naye. Watu wa Kubernetes, ule mfumo wa kuendesha programu nyingi kwenye seva nyingi, wasicheke. Siri zao zimeandikwa kwa base64, na nimewaona watu wazima wakiona zile herufi zisizotamkika wakadhani zimefungwa. Base64 ni mwandiko tu, amri moja inaurudisha, na usipowasha usimbaji wewe mwenyewe, siri hizo zinalala bila kusimbwa ndani ya etcd, ghala la data la Kubernetes.

Bosi akaja na dawa: tuwashe kumbukumbu, kila ombi liandikwe, tujue nani kasoma nini. Nikamwonyesha dirishani. Getini kwetu kuna mlinzi, mzee mpole tunayemwita Babu, na ana kaunta buku lenye safu za jina, saa, unakwenda kwa nani, sahihi. Niliwahi kulipekua nikisubiri mvua ipungue. Mmoja amejiandika "Mteja". Mwingine "Simba SC", sahihi yake mstari ulionyooka. Babu anaandikisha kila mtu na anamfungulia kila mtu. Kumbukumbu za seva isiyojua inaongea na nani ndizo hizo: mwizi yumo, saa 4 na robo, kwa bosi, amesaini.

Kwa hiyo kabla ya daftari, utambulisho, na utambulisho huo ni wa pande mbili. Seva ioneshe cheti chake, yaani kitambulisho chake cha kidijitali, na programu ikihakiki, kisha programu nayo ijieleze, kwa cheti chake au tokeni yake (kibali cha kidijitali), na ikishatambuliwa ipewe vya kwake tu. Programu ya kutuma meseji haina shughuli na funguo za malipo. Hapa nina kinyongo cha muda mrefu na madevelopa wenzangu. Cheti kikileta kosa, na vyeti vya kujisainia mwenyewe hukorofisha kweli, mtu anatafuta mstari wa kuzima uhakiki, anaubandika, anaendelea na chai. Ule mstari maana yake ni kwamba yeyote atakayejifanya seva yako ataaminiwa. Nimeukuta kwenye mifumo inayopitisha hela za watu, umeachiwa na maoni juu yake: "ya muda".

Sasa linakuja swali ambalo likiulizwa kwenye kikao watu hutazama simu zao. Programu inahitaji ufunguo ili iombe funguo. Huo wa kwanza unakaa wapi? Ukiuweka kwenye faili pembeni ya programu umerudi ulikotoka. Ukiuweka kwenye Git umefanya vibaya zaidi, maana Git haisahau: unafuta leo, kwenye historia upo. Uber mwaka 2016 walipoteza taarifa za watu milioni 57, abiria na madereva, na mlango ulikuwa funguo zilizokutwa kwenye hazina yao ya msimbo huko GitHub, tena hazina ya ndani, si ya wazi.

Jibu ninaloliamini linafanana na barua ya serikali ya mtaa. Ukienda kufungua akaunti benki hawakujui, ila wanamjua mwenyekiti wa mtaa na mhuri wake. Jukwaa linaloiendesha programu ndilo liidhamini. Kubernetes huipa kila programu tokeni ya akaunti yake, mawingu makubwa, yaani kampuni zinazokodisha seva, nayo yana namna yao, na seva ya mipangilio inauliza kwa mtoa tokeni: huyu ni wa kwako? Hakuna binadamu aliyenakili kitu. Kama huna jukwaa la hivyo, Vault ina utaratibu wa kugawa utambulisho vipande viwili, kimoja cha kudumu na kingine unachoweza kukipa uhai wa dakika chache na matumizi ya mara moja. Mwizi akikikuta kesho amekuta risiti ya jana.

Wenzangu wanaoipinga seva hii wana hoja, tena si ndogo. Ikilala? Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ikawa ya kuvizia, programu zilizokuwa zinakimbia ziliendelea, kwa kuwa mipangilio ilishaingia kwenye kumbukumbu yao. Ila fikiria seva yako ya mipangilio iko Ulaya, programu ziko hapa mjini, na mtu anaziwasha upya asubuhi kama hiyo. Kuna mpangilio wa kuifanya seva iwe hiari, isipopatikana programu iamke hivyohivyo na ilichonacho. Mimi siutaki. Ilichonacho mara nyingi ni mipangilio ya majaribio, na programu ya malipo iliyoamka ikiandika miamala kwenye databezi ya majaribio ni balaa kuliko iliyokataa kuamka. Igome, ipige kelele. Kisha weka seva ya pili karibu.

Vault ina kero yake: umeme ukikata na mashine ikizima, inaamka imefungwa, na kwa mpangilio wa kawaida ufunguo wake umegawanywa vipande vitano, vitatu vikihitajika kuifungua. Sisi tulipohamia Vault tuligawa kwa heshima ya vyeo. Kwa hiyo saa 9 usiku mmoja yuko Mbagala, wa pili Kigamboni amezima simu, wa tatu amesafiri Songea kwenye msiba. Siku hizi tunagawa kwa kuangalia nani hulala karibu na simu.

Na kama una duka moja, programu moja, seva moja, achana na haya yote. Faili lililo nje ya Git, linalosomwa na mtumiaji wa programu hiyo peke yake, linatosha. Ila usijidanganye kwamba udogo unakuondolea wajibu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, iliyoanza kazi tarehe 1 Mei 2023, inakudai ulinde taarifa za wateja wako, uwe mkubwa au mdogo.

Sisi sasa hivi Vault ndiyo inayotengeneza mtumiaji wa databezi programu inapoomba, na saa moja ikipita inamfuta, programu isipoomba aongezewe. Lile kundi letu la WhatsApp bado lipo. Wiki iliyopita kijana mpya aliandika humo, kwa adabu zote, "Shikamooni wakuu, naomba paswedi ya databezi ya malipo." Bosi akamjibu, "Marahaba. Hakuna anayeijua."

Alidhani anataniwa. Akanifuata inbox.