Leuthen 1757: sifa ni za mfalme peke yake?

Desemba 5, 1757, karibu na kijiji cha Leuthen huko Silesia, Friedrich II wa Prussia aliwashinda Waaustria. Yeye alikuwa na askari wapatao 35,000, wao kama 65,000. Tangu hapo wapo wanaoapa kwamba ni kipaji cha mfalme, na wapo wanaosema jemadari wa Austria, Karl wa Lorraine, alijiponza mwenyewe.

Hawa wa pili wana hoja. Karl alikuwa amejikinga vizuri nyuma ya mto Lohe, akatoka. Waprussia walipojitokeza upande wa kijiji cha Borne, Lucchesi, aliyeshika ubavu wa kulia wa Waaustria, aliomba msaada, naye Karl akampelekea askari wa farasi wa akiba. Kumbe lile lilikuwa danganya toto. Jeshi lenyewe la Prussia lilikuwa likizunguka kusini nyuma ya vilima, na Nádasdy, jemadari wa Austria upande wa kushoto, alituma wajumbe kuonya, asisikilizwe.

Lakini kosa la adui halikuletei ushindi mpaka uwe na watu wa kulitumia, tena upesi: shambulio lilianza kama saa saba mchana, na siku za Desemba kule ni fupi mno. Safu zile za Waprussia zilitembea zikipimiana nafasi ili zikigeuka tu ziwe mstari wa vita. Kikosi kimoja kikichelewa, pengo. Hayo ni matunda ya miaka ya kwata.

Kinachonifanya nisite kumpa mfalme sifa zote ni vita vya Kolin, Juni mwaka uleule. Alijaribu mbinu hiyohiyo ya kupiga ubavu kimshazari, ila Daun, jemadari wa Austria, alikuwa juu ya kilima akimwona, akasogeza watu wake, na Friedrich akapigwa. Leuthen vilima vilimficha, na alivijua kwa sababu aliwahi kufanyia mazoezi ya kijeshi huko.

Tena mapigano makali kuliko yote yalikuwa kwenye ua wa kanisa la Leuthen, Waaustria wakifyatua risasi nyuma ya ukuta wa mawe. Pale haikuwa mbinu tena, ni askari walioingia kwa nguvu. Jioni Lucchesi alikuja na askari wa farasi kuwavamia Waprussia ubavuni. Driesen, jemadari wa Prussia aliyekuwa na askari wake wa farasi nyuma ya kilima, aliliona hilo, akamkata njiani. Lucchesi akafa. Angechelewa Driesen, naamini Leuthen ingekuwa Kolin ya pili.