Mkia Hautoshi Kuifanya Asteroidi Iwe Nyotamkia

Mwaka 1996, Eric Elst na Guido Pizarro waliona mkia mwembamba wa vumbi ukifuata gimba ambalo tangu 1979 lilijulikana kuwa asteroidi ya kawaida, yaani mwamba unaozunguka Jua, katika ukanda ulio kati ya Mirihi na Mshtarii. Leo gimba hilo limo katika orodha zote mbili, likiwa 7968 kwa asteroidi na 133P kwa nyotamkia, yaani gimba la barafu na vumbi.

Wanaoliita nyotamkia wana hoja nzito. Mkia huo ulirejea 2002 na 2007, gimba lilipofika sehemu ya njia yake iliyo karibu zaidi na Jua, na vumbi la mgongano halifuati ratiba namna hiyo. Maelezo yanayoingia akilini ni barafu iliyofichika chini ya uso, inayogeuka mvuke na kurusha vumbi. Mwaka 2023 darubini ya James Webb ilibaini mvuke wa maji katika 238P/Read, gimba lililo katika ukanda huohuo, ingawa haikuona hewa ya ukaa ambayo nyotamkia huwa nayo kwa kawaida. Tofauti hiyo haifai kupuuzwa: ama hewa hiyo ilifukuzwa na joto zamani, ama gimba liliumbwa mahali ambapo haikuweza kuganda.

Hata hivyo, lugha yetu imezoea kuhukumu kwa mkia, kama jina nyotamkia linavyoonyesha, ilhali mkia hutokea hata pasipo barafu. Asteroidi Scheila ilitimua vumbi 2010 baada ya kugongwa. Gimba la 311P lilionekana na mikia sita 2013, yaelekea kwa sababu linazunguka kwa kasi hadi linapoteza vumbi lake. Dimorphos, mwezi mdogo wa asteroidi, nayo ilipata mkia baada ya chombo cha DART cha Marekani kuigonga makusudi tarehe 26 Septemba 2022, na hakuna atakayedai kwamba DART iliunda nyotamkia.

Naona jina lifuate chanzo cha vumbi, kwa kuwa barafu ya ukanda huo inahusu swali la asili ya maji ya bahari zetu, na kuhesabu kila mkia kuwa barafu ni kuivuruga hesabu hiyo tangu mwanzo. Kwa kipimo hicho 238P inastahili jina la nyotamkia, na Scheila ibaki asteroidi. Inayonitatiza ni asteroidi Phaethon, chimbuko la vimondo vya kila Desemba: huikaribia Jua kuliko Utaridi, na uchunguzi wa 2023 ulionyesha kuwa mkia wake ni wa sodiamu, si vumbi wala maji.