Kukopi muvi na kurusha mechi kibanda umiza, huo nao ni wizi?

Kila mechi ya Simba na Yanga hapa mtaani, nje ya kibanda umiza chetu cha kuonyeshea mpira, kuna ubao unaegeshwa kwenye nguzo ya umeme, umeandikwa kwa chaki KIINGILIO BUKU. Ndani mabenchi, tv imefungiwa kwenye boksi la nondo, na dekoda moja tu iliyolipiwa kifurushi cha nyumbani, sio cha biashara. Sasa jamaa mmoja pale kijiweni akasema mwenye kibanda hana tofauti na kibaka wa stendi, mi nikabisha, tukabishana mpaka kahawa ikapoa.

Kibaka akikukwapua simu, simu huna tena. Mi nikikopi wimbo wako kwenye flashi, wimbo bado unao na kesho unaimba kama kawa. Hata sheria haivichanganyi, wizi upo kwenye Kanuni ya Adhabu, haya ya kukopi na kurusha yana sheria yake, ile ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, ndo wanayoisimamia COSOTA, ofisi ya serikali ya hakimiliki. Marekani nako ishu kama hii ilifika Mahakama ya Juu 1985, jamaa alikuwa anauza santuri za Elvis Presley zilizofyatuliwa bila ruhusa, mahakama ikasema hakimiliki kaivunja lakini zile santuri huwezi kuziita mali ya wizi.

Jamaa yangu akanibana hapo hapo. Azam TV 2021 walisaini shilingi bilioni 225.6 kuonyesha Ligi Kuu kwa miaka 10, na hela hiyo inafika mpaka kwa vilabu ambavyo getini havipati kitu, sasa anayekusanya buku buku mlangoni bila kurudisha hata mia anakula jasho la nani? Hapo kidogo nikakosa jibu, maana msanii hauzi ile plastiki ya CD, anachotegemea ni yeye kuwa muuzaji pekee wa kazi yake. Waulizeni watu wa Bongo Movie, enzi za DVD ilikuwa inaingia Kariakoo asubuhi, jioni ipo kwenye kompyuta ya dogo wa kuburn imebanwa na zingine kumi kwenye disk moja. Stika za ushuru za TRA za kubandika kwenye CD na DVD zikaja 2013, sawa, ila flashi unaibandika stika wapi?

Lakini neno wizi bado silitaki, na sababu yangu kubwa hata sio ya kisheria. Huku kwetu ukipiga kelele "mwizi!" watu hawaulizi kaiba nini, wanaokota mawe, tairi linatafutwa. Huwezi kumpa jina hilo dogo anayejaza nyimbo kwenye flashi za bodaboda, tena wasanii wengine wenyewe ndo wanampelekea ngoma bure ili isambae wapate shoo. Kosa lipo, hasa kwa anayetengeneza hela, liitwe kuvunja hakimiliki na faini ipigwe. Anayekopi asikilize mwenyewe nyumbani, mi huyo wala sihangaiki naye.

Jioni nikapita kwa mwenye kibanda, nikamuuliza kwa nini asichukue kifurushi cha biashara, si vipo. Akawa anafuta ubao kwa kiganja, wala hakugeuka. "Nikilipia hicho kiingilio kinakuwa buku jero. Haya, wewe utaingia?"