Eti "itaingia tu"

Wenzangu, hivi ni mimi tu? Nashuka Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki Nairobi, kutafuta ramu (kumbukumbu ya kompyuta), namuuliza muuzaji, "Boss, hii ramu itaingia?" "Itaingia tu, kiongozi." Itaingia wapi, mfukoni? Nafika nyumbani, ubao mama (ule ubao mkuu wa kompyuta) unataka ramu ya kizazi cha DDR5, mkononi nimeshika ya kizazi cha nyuma, DDR4! Zote zina pini 288, urefu ni ule ule, ila kile kipengo cha katikati kimesogea kidogo tu. Kidogo hicho ndicho kimekula nauli yangu mara mbili! Narudi dukani: "Bidhaa hairudishwi, labda uongeze elfu mbili." Nimeongeza, nifanyeje? Nafunga kila kitu, skrubu moja inabaki (ya wapi, Mungu ndiye ajuaye), nabonyeza swichi... stima zinapotea. Mtaa mzima!