Nilipe Pesa Nikachoke?

Jamani, mtu wa Tanga mjini nimemkosea nani? Likizo kwa akili yangu ni mkeka, feni, na mto wa sufi. Kwa akili ya mke wangu ni mlima. Tena si mlima wa kuutazama dirishani mwa basi, la hasha! Wa kuupanda kwa miguu yako mwenyewe, ukifika juu uteremke bondeni, ukifika bondeni uambiwe kuna mwingine. Na kazi hiyo unalipia. Mimi miaka yote najua anayehangaika na mlima ndiye anayelipwa.

Chanzo ni picha. Mpwa wangu kaja na simu yake, kamwonyesha shangazi yake msichana kakaa ukingoni mwa jabali la Irente, kule Lushoto, miguu inaning'inia. Chini yake kuna nyika mpaka macho yanakoma, mashamba ya mkonge ya Mazinde, barabara kuu nyembamba kama uzi. Picha nzuri, sikatai. Lakini nikauliza swali moja tu: njia ya kufika hapo kapiga nani picha? Watu wote hao wanaopanda, hakuna hata mmoja aliyepigwa akiwa katikati, ulimi nje, mkono kiunoni, anamlaani aliyemshauri? Kila bonde ukionyeshwa linaonyeshwa kutoka juu. Mke wangu akasema, "Baba Zuwena, wewe una roho ya korosho." Sijui korosho imeingiaje.

Basi nikapeleka shauri kijiweni, nikijua pale kwenye kahawa na kashata nitapata wa kunitetea. Kumbe nimepeleka mbuzi kwa chui. Wazee ambao kutoka barabara ya kumi na tano kwenda sokoni wanapanda bajaji, wote wamekuwa mabingwa wa milima. Mmoja anasema Irente ndiyo yenyewe, kuna shamba wanatengeneza jibini na jemu, utakula urudi. Mwingine anasema Irente ni ya watoto, mwanamume anakwenda Magamba, msituni, aone mbega. Wa tatu akanywa kahawa taratibu, akafuta mdomo, akasema, "Yote hayo ya nini, na Amani ipo hapa Muheza?"

Nikamshukuru, maana Amani ni jirani. Wajerumani waliweka kituo chao cha utafiti wa mimea pale mwaka 1902, na miti waliyoileta kutoka pembe zote za dunia ipo mpaka leo. Nikajisemea, kituo cha utafiti lazima kiwe na kivuli na benchi. Lakini akaendelea: bonde hili, mto ule, kijito cha pale, halafu unapanda mwambani kutafuta yale maua madogo ya urujuani. Maua! Bwana mkubwa wa Kijerumani aliyekuwa mtawala wa wilaya hapa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyeyapeleka kwao, mwaka ni 1892 au karibu na hapo, wakayapa jina lake. Leo Ulaya na Marekani bibi kizee anayo dirishani, kwenye kopo, anayamwagilia akiwa amekaa. Mimi mwenye nayo ndiye nipande mwamba kuyaamkia.

Mchagua jembe si mkulima, nikawaambia. Nikaondoka na kashata yangu.

Nyumbani nimekuta mambo yamekua. Sasa hawataki Irente wala Amani, wanataka Mtae. Hii ya Mtae nieleweni vizuri. Unatoka Lushoto, unapita Magamba, unalala Rangwi kwa masista, unaendelea na mabonde ya kabichi na viazi, siku nzimanzima unatembea, mpaka ukifika Mtae, kijiji kimekaa juu ya mgongo wa mlima, huku bonde na huku bonde, chini unaiona nyika ya Mkomazi, na hali ya hewa ikikubali wanasema unauona Kilimanjaro. Sawa. Sasa nikamuuliza yule kijana wa kutembeza wageni, kwenye simu, spika ikiwa wazi ili familia isikie: "Na kurudi tunarudije?"

"Kurudi mnapanda basi, mzee."

"Basi lipi?"

"La Lushoto. Lipo kila siku."

Nikawatazama usoni mmoja mmoja. Basi lipo! Linafika mpaka Mtae na kugeuza! Nikasema basi mkutano umefungwa, tunapanda basi kwenda, tunatazama hilo bonde, tunapanda basi kurudi. Mke wangu akaninyang'anya simu.

Nikahamia kwenye majira, maana huko sheria iko upande wangu. Machi mpaka Mei masika, njia zile ni udongo mwekundu, utelezi mtupu. Juni mpaka Agosti baridi na ukungu. Utalipa kutazama bonde utazame pamba. Kijana wa simu naye akajibu kwamba Septemba panakauka, Januari na Februari pia pazuri. Nani kamuuliza?

Na umbali. Mtu wa milimani usimuulize umbali. Nimemuuliza huyo huyo kijana kutoka Lushoto mjini mpaka Irente ni mbali kiasi gani, akasema, "Hapo tu, mzee." Nikauliza na Magamba. "Hapo tu." Na Rangwi? Akafikiri kidogo. "Hapo tu, ila ukiwa na maji." Mtu kazaliwa kwenye mteremko, anakwenda shule kwa kupanda na kurudi kwa kushuka, yeye tambarare ndiyo inamchosha. Mimi goti langu limelelewa Ngamiani, kilima kirefu linachokijua ni tuta la barabarani. Na wasinidanganye kwamba kushuka ni rahisi. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma; waliosema hivyo walikuwa na magoti.

Niliwapa mbadala, msiseme mimi ni mtu wa kupinga tu. Mapango ya Amboni, hapo kwenye njia ya Horohoro. Kuna kivuli, kuna popo, hakuna jua, na wazee wanasema pango lile linatokeza Mombasa. Anayetaka kutembea sana aingie humo, akatusalimie ndugu wa Mombasa. Zuwena akasema walishapelekwa na shule. Nikatoa Soni: maporomoko yanaonekana barabarani, wakati gari linakata zile kona kutoka Mombo. Kivutio chenye adabu, kinakufuata ulipokaa. Hakuna aliyejibu.

Wakati huo kumbe koti langu limeshanunuliwa. La mtumba, zito, la watu wa theluji, lina zipu mahali ambapo mimi sina hata mfuko. Nikajaribu sebuleni, saa nane mchana, Tanga, Februari. Jasho lilinitoka mpaka paka akahama. Kwenye mfuko wa ndani nikakuta glovu moja ya mtoto, nyekundu, na gumba lake limeshonwa kwa uzi wa bluu. Mwenyewe naye nadhani alilazimishwa na mke.

Nilibakiwa na tumaini moja: mama mkwe. Mama mkwe ni mtu mzima, mzaliwa wa Mlalo, nikasema huyu akisikia safari ndefu ya miguu ataikataza, na mimi nitamtii, maana mkwe hapingwi. Nikampelekea habari kwa heshima zote. Mama akacheka. "Mtae? Mwanangu, sisi tulikuwa tunakwenda gulio na ndizi kichwani, tunarudi na chumvi." Akauliza tunaondoka lini. Akasema atavaa ndala, viatu vinambana.

Jioni kijana wa Lushoto kapiga simu kuhakiki majina. Mke wangu kamsomea orodha, na umri. Nikasikia yule kijana anasema, "Bibi nimemwelewa, hana tatizo. Nauliza huyo mzee mwingine. Yeye tumwekee bodaboda?"

Nimewaambia wakubali haraka kabla hajabadilisha mawazo.