Picha nyeusi na nyeupe, kijani kimetoka wapi?

Jamani hivi hizi printa za wino za nyumbani zina ugomvi gani na picha nyeusi na nyeupe? Nina picha ya marehemu babu amesimama Jinja na kanzu yake, nikasema niitoe vizuri niwapelekee wajomba Bombo. Ya kwanza ikatoka, shavu la babu kijani kama matoke mabichi! Nikarekebisha kidogo, ya pili kanzu ikawa pinki. Pinki! Kwani kijivu kimekimbilia wapi?

Kumbe printa nyingi za kawaida zina wino mweusi mmoja tu, hicho kijivu zinakichanganya kwa siani (bluu ya kijanikijani), majenta (pinki iliyokolea) na njano, moja ikizidi kidogo tu picha nzima imeharibika, na ukiiambia itumie mweusi peke yake inakuletea vidoti, babu kama amemwagiwa mchanga usoni. Halafu hii ndo inanimaliza kabisa: chini ya balbu sebuleni iko sawa, ukitoka nayo juani kijani kinarudi. Nimetoka na kuingia mara ngapi na karatasi mkononi mpaka majirani wanauliza kuna nini?

Na printa ukiiacha wiki kadhaa bila kuitumia, matundu ya kutolea wino yanaziba, kila ukisafisha inakunywa wino, na wino wenyewe ni hela! Juzi umeme ukakatika katikati, babu akabaki kichwa na mabega tu.

Zenye wino wa kijivu zipo najua, ila bei yake wee acha. Wenzangu, nyie mnafanyaje?