Uhispania ya Sebuleni

Wajuzi wa muziki hukunja pua likitajwa jina la Moritz Moszkowski, mtunzi wa muziki wa piano. Watakwambia huo ni muziki wa sebuleni tu. Sawa, ni wa sebuleni. Ubaya uko wapi?

Alizaliwa 1854 Breslau, mji ambao leo ni Wrocław, Poland. Hakuwa Mhispania kwa baba wala kwa mama. Lakini mwaka 1876, akiwa Berlin, alitoa Ngoma za Kihispania, opus 12 (yaani kazi yake namba 12): vipande vitano vya kupigwa na watu wawili kwenye piano moja. Siku hizi tunazisikia zaidi zikipigwa na okestra, na hapo ndipo utamu unapopotea.

Hizi ni ngoma za kupiga, si za kukaa kusikiliza. Santuri ilikuwa haijaja. Ukitaka muziki nyumbani, unaupiga mwenyewe. Wa kulia ana wimbo, wa kushoto ana besi na mdundo, viwiko vinagongana, mmoja akikimbia mwenzake analazimika kumfukuza. Kipande cha tano ni bolero, aina ya ngoma ya Kihispania: mapigo matatu, na katikati yake zile nota ndogo za haraka zinazoiga kastaneti, vile vibao vidogo vya kugonganishwa mkononi. Wa kushoto akizembea hapo, Uhispania yote imekwisha. Cha pili, chenye huzuni kidogo, ndicho nikipendacho. Cha tatu kwangu kimezidi sukari.

Wanasema ni Uhispania bandia. Mbona Bizet, mtunzi Mfaransa aliyetoa opera ya Carmen mwaka mmoja kabla bila kuwahi kukanyaga Uhispania, anasamehewa? Nakubali Albéniz, mtunzi Mhispania halisi, alichimba mbali zaidi katika Iberia, vipande vyake vya piano, lakini hiyo ilikuja baada ya 1900. Mwaka 1876 Albéniz alikuwa bado kijana mdogo, na Granados, mtunzi mwingine wa Kihispania, mtoto wa miaka 9.

Kinachoniuma ni mwisho wa Moszkowski. Aliuza haki za kazi zake, fedha akaziweka kwenye hisa na dhamana, vita vya 1914 vikazila. Mwaka 1921 wapiga piano mashuhuri walikusanyika Carnegie Hall, ukumbi wa muziki wa New York, kumfanyia onyesho la mchango. Alifariki Paris mwaka 1925, maskini, huku ngoma zake zikipigwa kwenye sebule za watu wasiojua kama bado yu hai.

Mkizipata nota zake, pedali aachiwe wa kushoto. Wa kulia atabisha, msimsikilize.